Mchanga Uliomeza Njuga

Mume wangu alivipenda vitu viwili kabla hajanipenda mimi: sauti yake na karai lake. Sauti ndiyo iliyomfanya manju, yule anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma, na alipofungua kinywa watu waliacha walichokuwa wakifanya. Karai ndilo lililotulisha. Aliponioa, miaka michache baada ya vita vya wazungu kwisha, alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kazi yake kuosha mchanga. Alichota mchanga na maji ndani ya karai, akalitikisa na kuligonga ubavuni kwa kiganja, mchanga ukamwagika kidogo kidogo pamoja na maji, na chini kabisa, siku Mungu akipenda, likabaki vumbi la njano.

Dhahabu haikunihusu. Haikuwa yetu, ilikuwa ya mwenye machimbo. Nilichokitolea macho mimi ni mchanga wenyewe.

Adhuhuri moja mume wangu aliliacha karai kivulini akaenda kula. Lilikuwa na mchanga uliolowa. Nikaubonyeza kwa kidole, mgumu kama ugali uliolala. Nikaokota kokoto nikaliweka juu yake, likakaa. Basi nikaligonga karai ubavuni, vile nilivyomwona yeye akifanya. Lo! Mchanga ule ukang'aa, ukatikisika, ukawa uji, na kokoto likazama mbele ya macho yangu. Nilipoacha kugonga, mchanga ukakaza tena. Nikachomeka kidole nilitafute kokoto langu, kidole hakikuingia.

Nikapiga kelele, "Njoo! Njoo uone huku!"

Akaja mbio, mdomo umejaa, akidhani nimeumwa na nyoka. Nilipomwonyesha, akaangua kicheko. "Ndivyo dhahabu inavyozama, mke wangu. Isingezama tungekula nini?"

"Najua inazama. Nauliza kwa nini."

"Kwa sababu ni nzito."

"Na kokoto? Kabla sijagonga lilikuwa jepesi?"

Akacheka tena, akarudi kwenye ugali wake. Ndiye mume niliyepewa. Swali likimshinda alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri mpaka mtu unasahau ulichouliza. Mimi sikusahau. Niliwaza habari ya mchanga ule mpaka nikaunguza mboga, na nikasemwa kwa kuunguza mboga, na nikaunguza tena.

Jibu, au nusu ya jibu, nililipata dukani. Mwanamke mmoja alikuwa akinunua karanga kwa debe. Mwenye duka alilijaza, likawa pomoni, lakini yule mama hakuwa mtu wa kuibiwa. Alilipiga debe teke mara kadhaa, karanga zikashuka, ikaonekana nafasi ya kuongeza bakuli zima. Mwenye duka akanuna. Mimi nikabaki nimeduwaa na chumvi yangu mkononi. Kumbe karanga zile hazikuwa zimejaa! Kila moja iliegemea mwenzake, katikati kuna mianya, na zilipotikiswa zikaachiana na kutafuta pa kulala. Basi na mchanga nao ni hivyo hivyo, ila mianya ya mchanga uliolowa ina maji. Chembe zinataka kushuka, maji yamezikalia pale pale na hayana pa kutokea upesi. Kwa muda ule mdogo chembe zimeachiana na hazijafika chini. Zinaelea. Anayezisimamia naye anaelea, au anazama. Maji yakishapanda juu, chembe zinashikana upya, tena zaidi ya mwanzo.

Nilimweleza mume wangu jioni ile. Akasema, "Umeolewa na mimi au na mchanga?"

Haya. Sasa niseme jambo lililotutoa machimboni, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimba yangu ya kwanza iliharibika kule. Machimboni kulikuwa na wanaume wa kila kabila na wanawake wa kuhesabu kwa vidole, na siku ile hata hao wachache walikuwa wamekwenda mnadani. Nilikuwa peke yangu na mume wangu, na mume wangu alilia kuliko mimi. Mwanamke wa kunishika mgongo sikuwa naye. Yaliyonipata siyasimulii. Niliposhika mimba ya pili nilimwambia wazi, "Hii siizalii hapa. Nipeleke kwa wanawake." Hakubisha. Akafunga karai lake kwenye mzigo tukarudi kwao, huku Shinyanga, kwenye kijiji kilichokaa ukingoni mwa mto wa mchanga.

Mto wa mchanga ni ule unaotembea wakati wa mvua tu. Kiangazi maji yanajificha chini, wanawake wanafukua visima kwenye mchanga na kuchota kwa kibuyu. Nilipendezwa na mto ule kuliko inavyompasa mke mgeni. Wanawake walinipokea vizuri. Kila asubuhi tulipokutana kisimani na kupeana mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kulikuwa na mmoja wa kunitazama tumbo na kuniambia nisibebe mtungi mkubwa. Mama mkwe alikwisha kuteua watakaonizalisha. Nililala usingizi mzuri mwaka ule, wa kwanza tangu niolewe.

Baada ya mavuno ikaja ngoma. Kwetu Usukumani ngoma ni vita isiyo na mikuki. Pande mbili zinacheza siku moja, mahali pamoja, kila upande na manju wake, na watazamaji wanakwenda wanakovutiwa. Aliyekimbiwa na watazamaji ndiye aliyeshindwa. Na manju hashindi kwa sauti peke yake, thubutu! Kila manju anasifiwa kuwa na dawa, dawa ya kuvuta watu, dawa ya kumkausha mwenzake koo. Manju asiye na dawa ni kama mganga asiye na kibuyu, nani atamfuata?

Mwaka ule mvua zilichelewa kwisha, na kwenye uwanja wa siku zote mtama wa watu uliochelewa kukomaa ulikuwa bado umesimama. Wazee wakasema tuchezee mtoni, kwenye mchanga tambarare ulioachwa na maji, kando ya mkondo. Upande wa pili waliwahi kufika. Wakachagua pale chini, palipokuwa peupe, pametandazika kama ua uliofagiwa. Sisi tukabakiziwa kimwinuko cha juu chenye visiki vya majani vya kuchoma nyayo. Mume wangu alitukana asubuhi nzima! Aliwatukana waliowahi, akawatukana vijana wake kwa kuchelewa kuamka, akanitukana na mimi kwa kumchelewesha na uji. "Wamechukua uwanja, sisi tumepewa shamba la miiba!" Hayo maneno nayakumbuka neno kwa neno, na bahati njema sikuyakumbuka peke yangu.

Jua lilipopanda, upande wa pili walikuwa wanang'ara. Walijipanga mistari, njuga miguuni, wakawa wanapiga mguu kwa pamoja, chini, chini, chini, mpaka nikausikia mtikisiko kwenye nyonga zangu. Watu wote walikuwa kwao. Kwetu walibaki bibi zetu na mbwa. Nilimwonea huruma mume wangu, sauti inamtoka kama anamwimbia mtu aliyelala.

Nilishuka kuwatazama wale wa chini. Ndiyo, nilimsaliti, nilikuwa na hamu ya kuona. Na nilichokiona kwanza si wachezaji, ni ardhi. Mchanga chini ya miguu yao ulikuwa unang'aa.

Nikajisemea, jamani, karai!

Sikuwahi kutamka. Mstari wa mbele miguu ikaingia mpaka vifundoni. Waliendelea kucheza, maana ngoma haikatizwi, na kila walivyozidi kupiga ndivyo walivyozidi kushuka. Maji yakachimbuka kwenye nyufa na kurusha mchanga mdogo mdogo. Njuga zikajaa tope zikanyamaza. Ngoma kubwa ikalala upande, ikadidimia. Manju wao alikuwa amezama mpaka karibu na magoti, mikono juu, mdomo wazi, wimbo umekatika. Watu wakapiga mayowe wakatawanyika, na wangekwenda wapi? Walipanda kwetu kwenye visiki.

Sasa mume wangu, na ulimi wake ule! Hakungoja hata pumzi. Aliruka juu, akainua usinga wake, akaimba hapo hapo wimbo ambao hakuwa ameutunga:

"Ardhi nimeiita, ardhi imeitika! Nimeiambia iwameze na njuga, imewameza!"

Uwanja ukalipuka. Vijana wetu wakaupokea, wasichana wakaupokea, bibi zetu wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Walimbeba mabegani kumleta nyumbani. Wale wa chini walivutana mmoja mmoja wakatoka salama, wana tope na aibu tu.

Jioni nilimwekea maji ya kuoga, nikamwambia, "Lile ni karai."

"Nini?"

"Wao walikuwa chini, maji yako karibu na nyayo. Sisi tulikuwa juu, maji yako mbali. Wamegonga mchanga kwa miguu kama wewe ulivyogonga karai kwa kiganja. Ungepata uwanja ulioulilia ungezama wewe."

Alielewa, nakuambia. Mtu aliyeosha mchanga miaka yote ile asingeacha kuelewa. Kisha akasema taratibu, "Mke wangu, usilitoe hilo neno nje ya ua huu. Niache nile sifa yangu."

Nikamwacha aile. Na akaila! Walikuja watu kutoka vijiji vya mbali kumwomba dawa ya ardhi. Alijibu kwa kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayejua mengi. Akinamama kisimani walianza kunisalimu kwa heshima ya ajabu, wengine kwa woga. Hilo la woga sikulipenda.

Mimi nilirudi pale mtoni, tena na tena. Nilitaka kujua. Nikasimama walipozama wale, tumbo langu mbele, nikapiga kisigino. Hakuna. Nikapiga kwa nguvu. Ardhi ikanirudishia kisigino chenyewe, ngumu. Nikasogea pembeni, mahali ambapo ngoma haikufika, nikapiga vile vile, na baada ya muda mchanga ukang'aa na kisigino kikaanza kulowa. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kumbe walipozama ndipo palipokaza! Chembe zilishapata pa kulala, kama zile karanga baada ya teke. Mwanamke mmoja aliyekuja na mtungi alinikuta katika hali ile, akaniuliza ninacheza na nani. Nikamwambia nanyoosha miguu. Akaniambia nikazinyooshee nyumbani.

Nilipaswa kuwaza mbali zaidi. Kama pembeni pangali palegevu, na pembeni ndiko ng'ombe wanakopita kwenda kunywa maji, basi. Lakini mimi nilikuwa naufikiria mchanga, sikuwa nafikiria ng'ombe.

Ng'ombe wa mama yake yule manju wa upande wa pili walishuka mtoni asubuhi moja wakiwa wamesongamana, kiu imewashika. Wa mbele walipita. Kwato zao zikautikisa mchanga, wa katikati wakapita kwa taabu, na wa nyuma, jike moja lililokuwa linakamuliwa, likaingia mpaka tumboni. Liliposhtuka na kurusha miguu likajizamisha zaidi. Walipokuja watu na kamba, mchanga ulikwisha kukaza ukalibana kama saruji. Lilikufa kabla ya jua la utosi.

Mchana ule ule kijiji kizima kilikuwa kinasema neno moja. Ardhi ya mtoni ina mwenyewe, na mwenyewe alijitangaza kwa wimbo.

Kuna adhabu moja kwetu ambayo haina kiboko wala jela. Ni kutengwa. Mtu akishatengwa hapewi moto, hasalimiwi, mke wake hachoti maji na wenzake. Akifa wanamzika wa ndani kwake peke yao. Na mkewe akishikwa na uchungu, hakuna mwanamke atakayevuka ua wake. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kisimani nikasema, "Mwangaluka." Hakuna aliyeitika. Yule aliyekuwa ananikataza mtungi mkubwa aliinamia kibuyu chake kama hanijui. Baraza lilikuwa bado halijakaa, walikuwa wanajizoeza tu. Nilirudi na mtungi mtupu, na mtoto anageuka tumboni, na kile kibanda cha machimboni nilimopotezea mimba ya kwanza kikanijia machoni pamoja na harufu yake.

Nikamkuta mume wangu amekaa mlangoni. Nikamwambia, "Kawaambie hukufanya kitu."

"Baraza linakaa leo. Nitasema dawa imeniponyoka, nitaomba msamaha."

"Ukisema hivyo ndio umekubali. Sema huna dawa."

"Unajua unachoniambia?" Aliinuka. "Nikisema sina dawa, mimi ni nani? Kijiji kizima watanicheka. Watoto watanicheka. Hakuna kijana atakayevaa njuga nyuma yangu tena."

Hasira ikanipanda, nikamwambia neno ambalo nilikuwa sijamwambia tangu machimboni. "Na mimi nizae na nani? Na wimbo wako?"

Hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimuuliza swali asicheke. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko, na mimi nikalitafuta karai.

Baraza lilikaa mtoni kwenyewe, karibu na ule mzoga, kwa sababu mama mwenye ng'ombe alikataa kuondoka hapo. Alikuwa mwanamke mzee, mkavu, mwenye macho makali. Mwanangwa, ndiye mkubwa wa kijiji, alimwuliza mume wangu, "Uliimba kwamba ardhi umeiita, au hukuimba?"

"Niliimba."

"Ardhi hii inakutii?"

Mume wangu akatazama vijana wake, wote wamekaa nyuma yake wanamngoja. Nikaona anataka kusema lile la dawa kuponyoka. Nikapiga magoti pale pale, tumbo na yote.

"Shikamoo, baba. Naomba kusema."

"Marahaba. Mwanamke mwenye mimba hakatazwi," akasema mwanangwa. "Sema."

Sikusema. Niliwaomba wachote mchanga wenyewe, kwa mikono yao, pale pale ng'ombe alipozama, na maji kutoka shimo hilo hilo, watie kwenye karai. Wakatia. Tukaacha ukatulia. Nikaweka jiwe juu, mzee mmoja akalibonyeza kwa kidole akasema limekaa imara. Kisha nikamsukumia mume wangu karai.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa mkononi mwake. Angeligonga yeye, jiwe lingezama, na wangesema mnaona, mkono wake huo! Alijua. Alilishika karai kwa mikono yote miwili, vile alivyokuwa akilishika machimboni, vidole vikalala mahali pake pa zamani. Mimi namtazama, naomba Mungu. Alikaa hivyo mpaka mtu mmoja akakohoa. Kisha akainuka, akatembea mpaka kwa yule manju wa upande wa pili, akaliweka miguuni pake.

"Gonga wewe, mwenzangu."

Yule akarudi nyuma kama amewekewa nyoka. "Mimi? Unitie dawa yako? Ebo!"

"Haina dawa. Ligonge."

Hakuligonga. Aliyeligonga ni mama yake. Alijikokota kutoka kwenye mzoga wake, akachuchumaa, akamtupia mwanawe jicho moja la dharau, akalipiga karai ubavuni kwa kiganja, pa, pa, pa. Mchanga ukang'aa. Jiwe likainama upande, likazama, likapotea.

"Ala!" akasema bibi yule.

Akalifukua, akalirudisha, akangoja, akapiga tena. Likazama tena. Akamtazama mume wangu. "Basi wewe huna dawa yoyote?"

"Sina, mayu," akajibu, kama anavyomwita mama yake.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Siku ile nilikuwa nalia wivu kwa uwanja mzuri mliouchukua ninyi. Mlipozama nikaimba tu. Mimi ni mwimbaji."

Mmoja akakumbuka, akasema kwa sauti kwamba kweli, alimsikia asubuhi ile akitukana habari ya visiki na miiba, na mtu mwenye dawa ya uwanja angetukana vile kwa nini? Kikapita kicheko, kidogo kwanza, kisha kikaenea mpaka kwa vijana wetu wenyewe. Ah, kicheko kile! Nilimwona mume wangu akikipokea amesimama, mikono imening'inia. Nilitaka kumkimbilia nimfunike kwa kanga yangu.

Mwanangwa akataka kujua kwa nini upande mmoja tu ulizama. Nikamweleza juu na chini, maji ya mbali na maji ya karibu. Nikawaambia wakapige visigino pale ngoma ilipozama waone kama si pagumu kuliko barabara. Wakaenda! Wazee wazima, na fimbo zao, wanapiga visigino na kutazamana. Na lile karai halikukaa chini. Kila mtu alitaka kugonga. Manju wa upande wa pili alipopata moyo aligonga mpaka mama yake akamnyang'anya. Mzee mmoja aliniuliza je, na udongo mweusi wa mbugani nao hufanya hivi, nikasema sijui, niletewe tujaribu. Mtu wa kutengwa alisahauliwa kabisa.

Mwanangwa alitoa neno fupi. Hakuna wa kutengwa. Ng'ombe wateremshwe wachache wachache, bila kuswagwa. Na kwa kuwa wachezaji wana miguu, na miguu imeonekana inakazisha mchanga, mto ukikauka kidogo pande zote mbili zije ziikanyage njia ya ng'ombe yote mpaka ishikamane.

Mtoto wangu alizaliwa siku chache tu baadaye, asubuhi kweupe. Nyumba ilijaa wanawake mpaka mama mkwe akawafukuza wengine. Aliyekaa nyuma yangu akanishika mgongo, magoti yake mawili makavu yamenibana mbavu, ni yule bibi mwenye ng'ombe. Nilimng'ang'ania mikono mpaka nikamwachia alama, naye hakusema kitu ila, "Sukuma, mwanangu, mimi nipo." Nililia mno. Sikulia kwa uchungu.

Mume wangu hakuwa manju tena. Hakuna aliyemkataza. Vijana walihamia kwa mwingine mmoja mmoja, kwa adabu, wakipita kumsalimu kwanza.

Njia ya ng'ombe ilikanyagwa mtoto alipokuwa ameanza kuikaza shingo yake mwenyewe. Pande zote mbili zilipanga mistari mirefu mtoni, njuga miguuni, na aliyeongoza ni yule manju aliyezama. Naye alikuja na wimbo mpya. Ulisimulia habari za mtu aliyejitia kuiamuru ardhi, kumbe mkewe anaiamuru kwa karai. Watu walicheka mpaka wakakosea mguu. Nami nikaona uchungu, nikageuka kumtafuta mume wangu, nikidhani ameondoka.

Alikuwa amesimama ukingoni, mtoto amemlalia begani. Mguu wake mmoja ulikuwa unapiga chini pamoja na wao, taratibu, asimwamshe. Midomo ilikuwa inatembea. Nikamkaribia, nikasikia anauimba, wimbo ule ule, neno kwa neno, kwa sauti ya kunong'ona.

Akaniona. Hakuacha mpaka ubeti ukaisha.

"Ni wimbo mzuri," akasema. "Ila ningekuwa mimi, ningeanzia pale bibi alipogonga."